Koki Moja Mbovu, Bustani Nzima Hukauka
Namna ya kutafuta na kurekebisha hitilafu za vali katika umwagiliaji wa nyumbani



Katika mikoa ya Dodoma na Singida mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Miezi mingine yote ni kiangazi. Familia inayotaka mchicha, figili au nyanya katika miezi hiyo hulazimika kumwagilia kwa maji ya kisima, ya bomba au yaliyovunwa kutoka kwenye paa. Ndiyo maana kamati nyingi zimechagua bustani za nyumbani zenye umwagiliaji wa matone. Tangi huwekwa juu ya jukwaa, bomba hushuka hadi kwenye matuta, na mipira yenye matundu madogo hudondosha maji kwenye shina la kila mche.

Umwagiliaji wa matone hutumia maji kidogo. Hata hivyo, mizizi ya mche unaonyweshwa kwa njia hii hukaa karibu na pale tone linapoangukia, kwa hiyo mche hauna akiba ya maji mbali na hapo. Maji yakikatika, unaumia upesi. Nyanya zilizoanza kuchanua huangusha maua. Zile zinazopata maji leo na kukosa kesho huzaa matunda yanayooza kitako, kwa sababu madini ya chokaa hufika kwenye tunda yakisafirishwa na maji.

Mara nyingi kinachokatisha maji ni kifaa kidogo kinachoshikika kwa mkono mmoja, nacho ni vali, ambayo wengi wetu tunaiita koki. Tunapotembelea bustani tunakuta mipira imekunjwa na kutupwa stoo, tangi limegeuzwa pipa la nafaka, na wenyeji wanasema mradi umekufa. Tukiuliza umekufa kwa nini, hadithi huanzia kwenye koki iliyokataa kufunga au kufungua.

Katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kuitafuta hitilafu kwa utaratibu kabla ya kununua kitu chochote au kukata tamaa. Vali nyingi zinazolaumiwa ni nzima, au zinahitaji kusafishwa tu. Tunaomba kila kamati isome makala haya pamoja na wenye bustani, ikiwezekana mkiwa mmesimama mbele ya tangi lenyewe.

JUENI NJIA YA MAJI

Fundi mzuri huanza kwa kuifuata njia ya maji tangu yanakotoka hadi yanakoishia. Katika bustani nyingi za nyumbani maji hupita mahali hapa, kwa mpangilio huu:

1. Kisimani kuna vali iliyofungwa chini kabisa ya bomba la kuvutia maji. Mafundi huiita futivali. Kazi yake ni kuzuia maji yasirudi kisimani pampu inaposimama.

2. Kwenye mdomo wa tangi kuna koki ya boya. Tangi likijaa, boya hupanda na kufunga maji yanayoingia.

3. Chini ya tangi kuna koki kuu. Inaweza kuwa geti vali, yaani ile yenye gurudumu la kuzungusha, au koki ya mpini inayofunguka kwa robo mzunguko.

4. Baada ya koki kuu kuna chujio.

5. Kabla ya kila kundi la matuta kuna koki ndogo ya kugawa maji.

6. Mwisho wa kila mpira kuna kizibo au mkunjo unaofunguliwa wakati wa kusafisha.

Choreni njia hii kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa stoo. Yeyote atakayekuja kurekebisha ataanza na mchoro huo, hata kama aliyefunga mfumo amehama.

PIMENI KABLA NA BAADA

Maji yakipungua kwenye matuta, shaka huangukia koki iliyo karibu. Badala ya kukisia, tumieni ndoo ya lita 20 na saa.

Siku mfumo unapofungwa ukiwa mpya, jazeni tangi, fungueni koki kuu na mpime ndoo inajaa kwa muda gani. Andikeni kwenye daftari. Tuseme ilijaa kwa sekunde 40. Mwezi wa tatu mkipima tena, tangi likiwa limejaa vilevile, na ndoo ikachukua dakika mbili, basi kuna kizuizi. Sasa pimeni mahali pawili: kabla ya kifaa mnachokishuku na baada yake. Maji yakiwa mengi kabla ya chujio na machache baada yake, koki haina kosa, safisheni chujio. Yakiwa machache hata kabla ya koki, tatizo liko nyuma yake, kwenye tangi au kwenye bomba linalotoka tangini.

Kumbukeni pia kwamba tangi la nyumbani lina nguvu ndogo ya kusukuma. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa presha ya karibu bar 0.1. Tangi lililo kwenye jukwaa la mita moja husukuma maji kwa nguvu hiyo tu, na kidogo zaidi kutokana na maji yaliyomo. Kwa nguvu ndogo namna hii, uchafu ambao usingeonekana kwenye bomba la mjini unatosha kuyakausha matuta ya mbali.

Kwa sababu hiyohiyo, msibadilishe koki ya inchi moja kwa koki ya nusu inchi eti kwa kuwa ni rahisi dukani. Upana ukipungua nusu, nafasi ya kupita maji hubaki robo.

Kabla hamjafungua koki yoyote kwa spana, kagueni mambo mawili yasiyo na gharama. La kwanza ni mfuniko wa tangi. Tangi lililofunikwa kabisa bila tundu la hewa hutoa maji kidogo kidogo kisha hukataa, kwa sababu hewa haiingii kuchukua nafasi ya maji yanayotoka. Fungueni mfuniko; maji yakianza kukimbia, toboeni tundu dogo na kulifunika kwa wavu mwembamba wa kuzuia mbu. La pili ni bomba lililopanda na kushuka kama kilima. Hewa hujikusanya kwenye mwinuko huo na kuzuia maji. Lilazeni bomba sawasawa, likiteremka kuelekea kwenye matuta.

PAMPU INAKANYAGWA LAKINI MAJI HAYAPANDI

Hili ni lalamiko la kawaida kwa wanaotumia pampu ya kukanyaga au pampu ndogo ya petroli. Jazeni bomba la kuvutia kwa maji, kisha mwache pampu imesimama kwa dakika 10. Angalieni tena.

Maji yakiwa yameshuka, futivali haishiki. Itoeni kisimani na kuikagua. Mara nyingi kijiti, jani au mchanga umekaa chini ya kifuniko chake cha mpira na kukizuia kisilale vizuri. Kisafisheni. Kama mpira umejikunja au umechanika, fundi viatu anaweza kukata mwingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi, kwa kipimo cha ule wa zamani. Hakikisheni wavu wa nje upo, na kwamba futivali inaning'inia juu ya tope la chini ya kisima.

Maji yakiwa hayajashuka, lakini pampu inatoa mapovu na kukohoa inapofanya kazi, futivali ni nzima. Hewa inaingia mahali fulani kwenye maungio ya bomba la kuvutia. Mwagieni maji ungio moja baada ya jingine huku pampu ikiendelea. Mkifika kwenye ungio ambalo pampu hutulia linapolowa, mmelipata. Lifungueni, zungusheni tepu mpya ya nyuzi na kulikaza.

Jambo la tatu husahauliwa. Pampu iliyo juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji kutoka kina chochote inachotaka. Kikomo cha kawaida ni karibu mita 7, na hupungua zaidi katika nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi. Kisima kilichokuwa na maji kwenye mita 5 mwezi Juni kinaweza kuwa mita 8 mwezi Oktoba. Pampu ikikataa katika kipindi hicho, pimeni kina cha maji kwa kamba na jiwe kabla ya kununua futivali mpya. Huenda dawa ni kuiteremsha pampu kwenye kingazi kilichochimbwa kando ya kisima.

TANGI LINAFURIKA

Koki ya boya ikishindwa kufunga, maji humwagika usiku kucha na hakuna anayeona. Kipimo chake ni rahisi: pandeni, nyanyueni mkono wa boya kwa vidole hadi juu kabisa.

Maji yakikoma, koki yenyewe ni nzima na tatizo ni boya. Litikiseni boya. Likisikika maji ndani, limepasuka na limekuwa zito, libadilishwe. Kama ni kavu, tazameni kama mkono wake unagusa ukuta wa tangi, au umekunjika kuelekea juu. Mkono wa shaba ukikunjwa kidogo kuelekea chini, boya litafunga mapema, maji yakiwa bado chini ya mdomo wa tangi.

Maji yasipokoma hata mkinyanyua, uchafu umekaa kwenye tundu la koki au washa yake imelika. Fungeni maji yanayokuja, ng'oeni pini inayoshika mkono, toeni kipande cha ndani na kuikagua washa. Ikiwa na alama ya duara iliyozama, igeuzeni upande wa pili kwa muda na mtafute mpya ya ukubwa uleule. Kabla ya kurudisha, fungueni maji kwa sekunde chache ili yasukume nje mchanga uliomo kwenye bomba.

GURUDUMU LINAZUNGUKA LAKINI HAKUNA KINACHOBADILIKA

Geti vali ina kipande cha shaba kama kigae kinachopanda na kushuka ndani yake. Kuna hitilafu tatu za kawaida.

Ya kwanza: gurudumu linazunguka bila kukaza wala kulegea. Angalieni kwanza kama skrubu inayoshika gurudumu imelegea. Kama imekaza, kigae cha ndani kimeachana na mhimili wake. Vali hiyo haiponi, ibadilishwe. Mara nyingi huharibika hivyo kwa sababu mtu aliikaza kwa nguvu kwa kutumia bomba refu kama mwenzo.

Ya pili: gurudumu linafika mwisho lakini maji bado yanapita. Mchanga umejaa kwenye mfereji ambamo kigae hukaa. Fungueni kidogo ili maji yakimbie kwa kasi kwenye upenyo mwembamba, kisha mfunge. Rudieni mara tatu au nne. Mara nyingi mchanga huondoka bila kufungua chochote.

Ya tatu: maji yanatoka pembeni mwa mhimili, chini ya gurudumu. Kazeni nati iliyopo hapo kwa robo mzunguko. Kama bado yanavuja, fungeni maji yatokayo tangini, legezeni nati hiyo, zungusheni uzi wa pamba uliopakwa grisi kuzunguka mhimili na mrudishe nati. Msikaze hadi gurudumu liwe gumu.

Geti vali haikutengenezwa kwa ajili ya kukaa nusu. Ikiachwa nusu kwa miezi mingi, maji yanayopita kwa kasi hula kingo za kigae, na siku mkitaka kufunga haifungi tena. Ifungueni yote au mfunge yote. Kazi ya kugawa maji iachieni zile koki ndogo za matuta.

KOKI YA MPINI IMEKUWA NGUMU

Ndani ya koki ya mpini mna tufe lenye tundu. Mpini ukilala sambamba na bomba, maji yanapita. Ukikingama, maji yamefungwa. Ni koki nzuri na haina mambo mengi. Huugua kwa sababu mbili: chumvi na jua.

Visima vingi vya kanda yetu vina maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huohuo hugandana kwenye tufe. Koki iliyokaa miezi bila kuguswa hukataa kugeuka, na anayeilazimisha huvunja mpini au shingo. Ikiwa ngumu, ichezesheni taratibu mbele na nyuma, kidogo kidogo. Ikikataa, ifungueni, na kuiloweka usiku mzima kwenye siki au maji ya ndimu, ukoko utalegea. Ili hali hiyo isirudi, kila koki ifunguliwe na kufungwa walau mara moja kwa mwezi, hata kama haihitajiki.

Jua nalo huifanya plastiki ikauke na kupasuka. Koki ya plastiki iliyopasuka haizibiki kwa gundi kwa muda mrefu, inunuliwe nyingine. Lakini kinga yake ni rahisi: ifunikeni kwa kipande cha gunia, kopo lililokatwa au kivuli cha jukwaa lenyewe.

Kwa wenye bomba la kawaida la nusu inchi lenye koki ya kuzungusha, kuvuja kwa matone baada ya kufunga ni dalili ya washa iliyolika. Kuendelea kuikaza kwa nguvu zaidi kila siku huharibu kitako cha koki chenyewe, ambacho hakibadilishwi kirahisi kama washa.

VALI ZA UMEME

Baadhi ya shule, nyumba za watawa na mabanda ya kitalu zimefungiwa vali za umeme zinazofunguka kwa saa. Nyingi hutumia volti 24. Zikikataa, zimeni umeme kwanza, kisha fungueni kwa mkono ile skrubu ndogo ya juu au geuzeni koili kidogo. Maji yakipita, upande wa maji ni mzima. Kaguani nyaya, hasa maungio yaliyofukiwa ardhini, na saa yenyewe. Fundi mwenye mita apime koili ikiwa imetenganishwa na nyaya zake. Koili nzima ya volti 24 kwa kawaida husoma kati ya omu 20 na 60. Ikisoma karibu sifuri, nyaya za ndani zimegusana. Mita isiposoma kitu, zimekatika. Koili za betri zina vipimo vyake, kwa hiyo fuateni karatasi iliyokuja nazo.

Maji yasipopita hata mkifungua kwa mkono, au yasipokoma umeme ukizimwa, fungueni kifuniko na kusafisha utando wa mpira na kile kitundu chembamba kinachopitisha maji ya kuusukuma. Punje moja ya mchanga hapo inatosha. Tazameni pia mshale ulioko ubavuni. Ni lazima uelekee maji yanakokwenda.

Hapa tuna neno kwa wanaopanga miradi na wanaoifadhili. Vali nyingi za umeme za aina hii hujifunga kwa kutumia presha ya maji yenyewe, na huhitaji walau bar 0.5 hadi 1 ili zifanye kazi. Tangi lililo kwenye jukwaa la mita mbili hutoa karibu bar 0.2. Vali ya namna hiyo ikifungwa hapo itasumbua tangu siku ya kwanza, na hakuna fundi atakayeiponya, kwa sababu si mbovu. Kwenye tangi la chini, koki ya mkono ni bora kuliko vali ya umeme ya bei kubwa.

MATONE YANAYOPOTEA YANA THAMANI GANI?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Wekeni kikombe cha robo lita chini ya koki inayovuja. Kikijaa kwa dakika tano, mnapoteza lita 3 kwa saa, yaani lita 72 kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 2,160, sawa na ndoo 108 za lita 20. Mama au binti aliyezibeba ndoo hizo kutoka kisimani anaijua thamani yake kuliko daftari lolote la mradi. Washa inayoweza kuzuia hasara hiyo hukaa mfukoni pamoja na sarafu.

Kuna hasara nyingine. Tuta lililo karibu na koki inayovuja hulowa mchana na usiku. Mizizi hukosa hewa na kuoza, huku matuta ya mwisho yakikauka. Mwenye bustani huona mimea ya pande zote mbili ikinyauka, na huenda akadhani ni ugonjwa. Kabla ya kununua dawa ya kupulizia, chimbeni kidogo kwa kidole mwanzoni na mwishoni mwa kila tuta na mlinganishe unyevu.

KAZI YA KAMATI

Bustani zinazodumu tulizozitembelea zina mambo manne yanayofanana.

La kwanza, kuna mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa mtunza maji, na msaidizi wake. Koki ya wote ni koki isiyo na mwenyewe. Tunashauri mmoja wao awe ni yule anayemwagilia kila siku, ambaye mara nyingi ni mama wa nyumba, na afundishwe kushika spana yeye mwenyewe badala ya kusubiri fundi kutoka mjini.

La pili, kuna sanduku la spea. Halihitaji kuwa kubwa. Liwe na washa za ukubwa unaotumika, tepu ya nyuzi, koki moja ya akiba ya kila ukubwa, boya moja, mpira wa futivali, wavu wa chujio, uzi wa pamba na grisi, spana inayopanuka, plaizi na bisibisi. Mnaponunua mfumo, nunueni na sanduku siku hiyohiyo, mkiwa na vifaa vyenyewe mkononi vya kulinganisha ukubwa.

La tatu, kuna ratiba. Kila wiki chujio huoshwa. Kila mwezi koki zote huchezeshwa, na ncha za mipira hufunguliwa ili maji yatoe tope hadi yatoke meupe. Kila mwanzo wa kiangazi, kabla miche haijapandwa, ndoo hujazwa na muda hulinganishwa na ule ulioandikwa kwenye daftari. Hitilafu ikionekana mwezi Mei hakuna kinachokufa. Ikionekana Septemba nyanya ziko kwenye maua.

La nne, kuna mfuko wa matengenezo. Kiasi kidogo kutoka kila mauzo ya mboga huwekwa kando, na huandikwa kilivyotumika. Kamati isiyo na mfuko huu hulazimika kuandika barua ya kuomba fedha za koki moja, na jibu linapofika bustani imeshakauka.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa matangi, mabomba na mipira ambayo familia nyingi zimepata kupitia kwenu. Tunaomba mtuwie radhi tukisema kwamba picha ya tangi jipya haielezi kama maji yatafika kwenye matuta mwaka wa tatu. Mnapopokea andiko la mradi, tafuteni ndani yake mstari wa spea na mstari wa mafunzo ya matengenezo. Usipokuwepo, ulizeni. Mnapotembelea bustani, muombeni mwenyeji afungue na kufunga koki kuu mbele yenu, na awaonyeshe sanduku la spea liko wapi. Jibu la maswali hayo mawili litawaambia mengi kuhusu uendelevu wa mradi.

Vilevile, pendeleeni vifaa vinavyopatikana katika maduka ya wilaya. Koki nzuri iliyotoka mbali, ambayo washa yake haipatikani hata mkoani, itaisimamisha bustani siku washa hiyo itakapolika.

KWA KUMALIZIA

Maji yakikoma au yakikataa kukoma, msianze na koki. Anzeni na njia ya maji. Kagueni mfuniko wa tangi, chujio na bomba. Pimeni kabla na baada. Safisheni kabla ya kubadilisha. Badilisheni washa kabla ya kubadilisha koki, na koki kabla ya kuukataa mfumo. Mkiandika kila mlichokifanya, atakayewafuata hataanza upya.

Tunaiomba kila kamati itumie mkutano wake ujao kufanya mambo matatu: kumchagua mtunza maji, kuorodhesha koki zote zilizopo na hali ya kila moja, na kupanga siku ya kununua spea. Mkifanya hivyo kabla ya mvua kukoma, kiangazi kitawakuta tayari.